Rudisheni Mstari Kwenye Sura Yake

Kabla hakujapambazuka vizuri, simu za Wakristo wa Afrika Mashariki huanza kupokea Neno. Linaingia kwenye kundi la kwaya, kundi la ukoo, kundi la wazazi wa darasa la nne, kundi la waliosoma sekondari pamoja. Mara nyingi ni picha ya jua linalochomoza au ya maua, juu yake mstari mmoja wa Biblia, chini yake maneno ya kumtakia msomaji siku yenye kibali na milango iliyofunguka. Wapendwa hujibu Amina. Wengine huandika kwamba wamepokea. Kufikia saa moja na nusu kila mtu yuko kwenye daladala, dukani au shambani, na Neno la leo limemaliza kazi yake.

Desturi hii ina watetezi wengi, na nawaheshimu, kwa kuwa baadhi yao ni watu wa maombi kweli kweli. Wanasema maisha yamekuwa ya mbio. Mama anayeamka saa tisa usiku kuwahi samaki soko la Feri jijini Dar es Salaam hana nafasi ya kukaa na sura tatu. Mstari mmoja ni afadhali kuliko kukosa kabisa. Tena, wanasema, Neno la Mungu lina nguvu hata likiwa kidogo, na Mungu kwa upendo wake husema na kila mtu pale alipo. Nani atamzuia asimfariji mtu kwa mstari mmoja?

Simzuii. Ninachokipinga ni imani iliyokwisha kukomaa, hata mimbarini, kwamba mstari uliokatwa kutoka kwenye sura yake, ukaelekezwa kwa yeyote anayeushika, ukageuzwa kuwa ahadi ya siku hiyo, ndiyo tafakari ya Maandiko. Nasema si tafakari. Nasema zaidi ya hapo: inatuzoesha polepole mungu mwingine, anayetupenda bila kututaka lolote na bila kutuuliza habari za jirani.

Chukua mstari unaopendwa kuliko mingi mijini kwetu, Ayubu 8:7. Umeandikwa kwenye kuta za maduka, saluni, gereji na vyumba vya mafundi cherehani. Hutumwa kwa anayefungua biashara na kwa kijana aliyehitimu chuo. Unaahidi kwamba aliyeanza kwa udogo atamaliza kwa ukubwa. Ni maneno mazuri, lakini nani anayasema? Anayasema Bildadi Mshuhi, mmoja wa wale rafiki watatu waliokuja kumliwaza Ayubu. Na mistari mitatu tu kabla ya hapo, Bildadi amemdokezea baba huyu, aliyepoteza watoto kumi kwa siku moja, kwamba watoto wale walikwenda kwa sababu ya makosa yao wenyewe. Hoja yake yote ni hiyo: mwenye haki hustawi, anayeteseka ana jambo alilolificha, na Ayubu akijisafisha mali itarudi. Fungua sasa sura ya 42. Mungu anamwambia Elifazi, mmoja wa wale watatu, kwamba yeye na wenzake wawili hawakunena sawasawa juu yake, na anawaagiza wapeleke ng'ombe saba na kondoo waume saba, kisha wamsihi Ayubu awaombee. Yaani tumepamba maduka yetu kwa hotuba ambayo Mungu mwenyewe aliikataa mbele ya mashahidi. Ni kweli kwamba mwisho wa Ayubu ulibarikiwa kuliko mwanzo wake. Lakini baraka ile haikuja kwa hesabu ya Bildadi. Ilimjia mtu aliyekataa hesabu hiyo kwa sura nyingi, akalalamika, akamdai Mungu ajitokeze, na akasikilizwa.

Aliyesoma kitabu chote anajua haya. Aliyepokea mstari peke yake hawezi kuyajua, hata akiuombea mwaka mzima.

Nije sasa kwenye mstari mkuu wa kizazi chetu, Yeremia 29:11, ule unaosema kwamba Mungu anayajua mawazo anayotuwazia, ya heri na si ya mabaya. Sijui mwingine unaotumwa sana kuliko huo. Hutumwa kwa anayekwenda kwenye usaili wa kazi, kwa anayesubiri viza, kwa binti ambaye mahari yake inajadiliwa Jumamosi. Ili kuona tumeufanyia nini, lazima turudi nyuma sura moja.

Mwaka 597 kabla ya Kristo, Nebukadneza wa Babeli aliwachukua mateka mfalme Yekonia, mama yake, wakuu wa Yuda, mafundi na wahunzi. Vyombo vya hekalu vilikwenda pamoja nao. Waliobaki Yerusalemu walikuwa na swali moja tu: lini watarudi? Nabii Hanania, mtu wa Gibeoni, akasimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote akawajibu kwa jina la Bwana. Miaka miwili. Ndani ya miaka miwili kongwa la Babeli litavunjika, vyombo vitarudi, Yekonia na mateka wote watarudi. Yeremia alikuwa pale, shingoni amevaa kongwa la mti kama ishara ya utumwa uliokuwa bado haujaisha. Na alijibu nini? Alijibu Amina. Alitamani iwe hivyo. Kisha akawakumbusha watu kwamba nabii anayetabiri amani hujulikana kuwa ametumwa pale neno lake linapotimia. Hanania akalivua lile kongwa shingoni mwa Yeremia akalivunja hadharani. Yeremia akaenda zake. Baadaye akarudishwa na ujumbe kwamba kongwa la mti limevunjwa na mahali pake litakuwa la chuma. Mwaka uleule, mwezi wa saba, Hanania akafa.

Hapo ndipo inapokuja sura ya 29. Ni barua. Ilibebwa na watu wawili wanaotajwa kwa majina, Elasa mwana wa Shafani na Gemaria mwana wa Hilkia, kutoka Yerusalemu mpaka Babeli, kwa watu waliokuwa wakiwasikiliza akina Hanania wengine hukohuko uhamishoni. Barua inawaambia wajenge nyumba wakae ndani yake. Wapande bustani wale matunda yake. Waoe, waoze, wazae, waongezeke. Watafute amani ya mji ule waliopelekwa, yaani mji wa watu waliowateka, na wauombee kwa Bwana. Wasidanganywe na manabii na waaguzi walio kati yao. Watarudi, ndiyo, baada ya miaka 70.

Miaka 70! Mtu mzima aliyeketi kusikiliza barua ile ikisomwa alijua atazikwa Babeli. Tumaini lililotajwa kwenye mstari wa 11, ule unaofuata mara baada ya hesabu ya miaka, lilikuwa la taifa, na wajukuu ndio watakaoliona. Kwake yeye lilikuja na kazi: jenga, panda, lea, ombea adui yako apate amani kwa sababu amani yake ndiyo yako. Tukiukata mstari huo tukamtumia mtu Jumatatu asubuhi kumhakikishia kwamba usaili wa Alhamisi utakwenda vizuri, tumefanya jambo zito. Tumeichukua ile miaka miwili ya Hanania tukaiweka kinywani mwa Yeremia, yule aliyesimama kuipinga. Tumesoma barua kama warithi wanaotafuta kwenye wosia mstari uliotaja majina yao, wakaruka ukurasa unaoorodhesha madeni ya marehemu.

Najua jibu litakalotolewa: Mungu habadiliki, na alichowaahidi Israeli anaweza kukisema nami. Nakubali kabisa. Nauliza tu kwa nini mstari wa 11 uwe wangu na mstari wa 7 ubaki kuwa wa Wayahudi wa zamani. Kama barua ni yangu, ni yangu yote. Basi na mimi nimeagizwa kuuombea mji usionipenda, kupanda mti ambao matunda yake wataokota wengine, na kuacha kumsikiliza nabii anayenipunguzia miaka. Sijawahi kupokea picha ya maua yenye mstari wa 5 wala wa 7 wala wa 8.

Wanaoiona desturi hii kuwa haina madhara sidhani kama wamekaa na mtu pale ahadi inapogoma. Nimekaa msibani na mama aliyemzika mwanawe baada ya miezi ya hospitali. Simu yake ilikuwa bado imejaa mistari ya uponyaji aliyokuwa akitumiwa kila siku na watu waliompenda. Alikuwa na maswali mawili tu, na yote mawili alifundishwa na mistari ile: je, Mungu alisema uongo, au imani yangu ndiyo iliyopungua? Hakuna aliyekuwa amemwambia kuna swali la tatu. Hakuna aliyekuwa amemtumia Zaburi ya 88, ambayo inaanza kwa kilio na kuishia gizani bila mstari hata mmoja wa kupandisha moyo mwishoni. Zaburi hiyo iko ndani ya Biblia kwa makusudi. Watu wa Mungu waliiimba hekaluni. Kati ya zaburi zote 150, kundi la maombolezo ndilo kubwa kuliko mengine, na sisi tumelifuta kwa kutolituma.

Hata pale tunapochota kwenye maombolezo, tunachota kwa kuchagua. Ule mstari kuhusu rehema za Bwana zinazoanza upya kila siku, unaopendwa kuandikwa juu ya picha ya mawio, umetoka Maombolezo sura ya 3. Kitabu chenyewe ni mashairi matano yaliyotungwa juu ya magofu ya Yerusalemu. Sura nne zina mistari 22 kila moja, idadi ya herufi za Kiebrania, na ile ya katikati ina 66, mitatu kwa kila herufi. Mshairi alilia kwa mpangilio, kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho, asiache huzuni yoyote nje. Kuna watoto wanaozimia kwa njaa njiani, mikononi mwa mama zao. Kuna wanawake waliopika watoto wao wenyewe katika mazingiwa. Kitabu kinafungwa kwa hofu kwamba huenda Mungu amewakataa kabisa. Na katikati ya hayo yote mtu anathubutu kusema rehema hazijakoma. Neno hilo lina uzito kwa sababu aliyelisema alikuwa amekwishayaona yale mengine. Likisomwa hivyo lingemfaa mama yule kuliko ahadi mia, maana angekutana na mwenzake ndani ya Biblia, aliyefika pale alipofika yeye na bado hakuacha kumwita Mungu. Tukalikata, tukalipa jua la picha, tukamtumia, naye akaona halimhusu.

Upendo wa Mungu tunaoutangaza kila asubuhi umepungukiwa hapo. Warumi 8 inasema hakuna kitakachotutenga nao, lakini Paulo anaanza kwa kutaja vitu vyenyewe: dhiki, njaa, uchi, upanga, na watu wanaohesabiwa kama kondoo wa kuchinjwa. Hakusema upendo huo utavizuia visifike. Wafilipi 4:13, uliobandikwa kwenye bodaboda na kwenye madaftari ya wanafunzi wakati wa mitihani, uliandikwa na mfungwa aliyekuwa akieleza jinsi alivyojifunza kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Na Zaburi ya 91, ile ya malaika wanaomlinda mtu asijikwae, Mathayo na Luka wanatuonyesha ikinukuliwa juu ya kinara cha hekalu na Shetani. Alinukuu vizuri kabisa. Kilichomfichua ni matumizi: ahadi iliyotengwa na utii, itumike kama hundi ya kumlazimisha Mungu. Yesu alimjibu kwa andiko lingine, kutoka Kumbukumbu la Torati. Andiko lilipimwa kwa andiko, na mkato wa mstari mmoja haumwachii msomaji andiko la pili la kupimia.

Sasa Malaki, ambapo kosa hili linagusa mfuko wa maskini. Malaki 3:10 husomwa kila Jumapili ya sadaka: leteni zaka kamili, nami nitafungua madirisha ya mbinguni. Mistari mitano nyuma, katika sura ileile, Bwana anasema anakuja kuhukumu na atakuwa shahidi mwepesi juu ya wachawi, wazinzi, waapao kwa uongo, na juu ya wanaomwonea mfanyakazi katika mshahara wake, wanaomwonea mjane na yatima, na wanaomnyima mgeni haki yake. Sura ya kwanza imewakemea makuhani waliokuwa wakitoa madhabahuni wanyama vipofu, vilema na wagonjwa. Yaani kabla ya kufika kwenye madirisha ya mbinguni, kitabu kimepita jikoni kwangu na kumwuliza dada wa kazi mara ya mwisho alilipwa lini. Kimepita getini kwa mlinzi. Kimepita kwa kibarua aliyejenga uzio wa kanisa akaambiwa asubiri harambee. Kimeingia hata ofisini kwa mchungaji. Tukisoma mstari wa 10 pekee, mtu anayemcheleweshea msichana wa ndani mshahara wa miezi mitatu anaweza kutoa fungu la kumi la kipato chake, pamoja na ile miezi mitatu iliyomo, akarudi nyumbani akiwa na uhakika kwamba Malaki yuko upande wake. Na kesho yake alfajiri atatutumia Neno la leo, na sisi tutamjibu Amina.

Hapo ndipo uaminifu wa maisha unapopimwa, na hapo ndipo mstari mmojammoja unapotuacha salama kuliko tunavyostahili.

Kuna utetezi wa Isaya 55, unaotumika sana: neno litokalo kinywani mwa Mungu halirudi bure, kwa hiyo tuma tu, litafanya kazi yake. Soma lilivyo. Isaya anasema neno hilo litatimiza makusudi ya aliyelituma. Hakusema makusudi ya aliyelisambaza wala matamanio ya aliyelipokea. Na mistari minne kabla ya hapo, mwovu ameitwa aiache njia yake na mawazo yake, kisha tumeambiwa kwamba mawazo ya Mungu si mawazo yetu. Andiko la kutuonya tusimfunge Mungu kwenye mipango yetu tumeligeuza kuwa leseni ya kufanya hivyo.

Utetezi wenye nguvu zaidi ni ule wa watakatifu, na sitaki kuukwepa. Historia ya Kanisa ina watu waliogeuzwa na mstari mmoja. Antoni wa Misri, katika karne ya 3, aliingia kanisani akasikia Injili ikisomwa, pale Yesu anapomwambia tajiri auze alivyo navyo awape maskini, akaona ameambiwa yeye. Augustino, bustanini Milano mwaka 386, alifungua Waraka kwa Warumi akasoma pale jicho lake lilipoangukia. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji Mjerumani, alikuwa salama New York mwezi Juni 1939. Akakutana na ombi la Paulo kwa Timotheo kwamba afanye haraka aje kabla ya majira ya baridi. Maneno hayo hayakumtoka siku nzima, na aliandika katika shajara yake kwamba si kulitumia vibaya andiko akilichukua kama aliloambiwa yeye. Mwezi Julai akapanda meli kurudi Ujerumani.

Ni kweli basi kwamba Mungu humshika mtu kwa mstari mmoja. Lakini tazama mistari yenyewe. Ule wa Antoni ulimnyang'anya mashamba ya urithi. Ule wa Augustino ulimtaka aache tamaa iliyokuwa imemshinda kwa miaka mingi. Ule wa Bonhoeffer ulimrudisha kwenye nchi ambako alikamatwa mwaka 1943 na kunyongwa huko Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945. Hakuna hata mmoja aliyeahidiwa kibali ofisini. Kila mmoja aliamriwa, na kila mmoja alipoteza kitu. Tena walikuwa watu walioishi na Maandiko au waliokuwa wakiyahangaikia. Bonhoeffer alijua vizuri kwamba Paulo alikuwa akimwandikia Timotheo akiwa gerezani, ndiyo maana akaona uzito wa kusema ameambiwa yeye. Akina ndugu wanaomtumia Antoni kutetea picha za alfajiri watuambie ni lini mara ya mwisho kundi lao lilitumiwa amri ya kuuza chochote.

Hata desturi yenyewe ya neno la kila siku ilianza tofauti na ilivyo sasa. Wamoravian wa Herrnhut, huko Saksonia, waliianzisha mwaka 1728, pale kiongozi wao Zinzendorf alipowapa ndugu zake neno la kuondoka nalo kwa siku inayofuata. Tangu mwaka 1731 wamekuwa na kitabu cha maneno hayo cha kila mwaka. Mstari wa Agano la Kale hupatikana kwa kura, kwa hiyo hakuna anayechagua ule unaomfurahisha, na mstari wa Agano Jipya hutafutwa wa kuambatana nao, ili andiko lisikae peke yake. Pale mwanzoni lilipelekwa nyumba kwa nyumba katika kijiji cha watu walioishi pamoja, waliokuwa wamejifunga kwa makubaliano, mwaka mmoja kabla, kuhusu jinsi watakavyotendeana. Neno la siku lilimkuta mtu mbele ya jirani aliyemjua. Kutoka kijiji hicho wamisionari wao wa kwanza waliondoka mwaka 1732, na mwaka 1891 wengine walifika Rungwe, kusini mwa Tanzania ya leo. Wanaosema kwamba ninapiga vita ibada ya kila siku wajue kwamba ninaitetea.

Nasi tuna ushahidi wa nyumbani. Mwaka 1929, kilimani Namirembe mjini Kampala, Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church walikaa pamoja na Biblia, wakilifuatilia jambo moja, kazi ya Roho Mtakatifu, kutoka andiko hadi andiko. Katika miaka iliyofuata Uamsho wa Afrika Mashariki ulisambaa kutoka Gahini, Rwanda, hadi Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Wazee waliouona hawakuusimulia kwa kuorodhesha ahadi. Walisimulia watu waliokwenda kurudisha mali waliyoiba, waliokiri mbele ya wake zao, waliopatana na mtu wa kabila ambalo hawakuwa wakila nalo. Walikuwa wakisoma pamoja na kuulizana usoni. Vivyo hivyo jumuiya ndogondogo za Wakatoliki, ambazo maaskofu wa ukanda huu walizifanya kipaumbele katika miaka ya 1970, hukusanya familia za mtaa mmoja kusoma Injili nzima ya Jumapili na kujadili mgonjwa yupi wa mtaa hajatembelewa. Zinayumba hapa na pale, lakini jirani yupo chumbani andiko linaposomwa, na hilo linabadilisha usomaji.

Limebaki lile la haraka, na mama yetu wa Feri. Nasikia wakimtumia yeye kama kisingizio na inanikera, kwa sababu wanaomtaja wengi wao hukaa ofisini. Wakristo wa kwanza waliosikiliza nyaraka za Paulo hawakuwa na muda kutuzidi. Wengi walikuwa watumwa na vibarua, na hawakumiliki kitabu. Paulo aliagiza waraka wa Wakolosai usomwe kanisani kisha upelekwe Laodikia, nao wasome ule utokao kule. Usomwe wote, kwa sauti, kwa watu waliochoka. Haukuwa na mistari yenye namba hata ya kukata. Sura tunazozitumia ziligawanywa mwanzoni mwa karne ya 13, kazi inayohusishwa na Stephen Langton, na mistari ya Agano Jipya iliwekwa na mchapaji Robert Estienne mwaka 1551. Namba hizo ziliwekwa zitusaidie kupata mahali. Waraka wote kwa Wafilipi ukisomwa kwa sauti huchukua kama robo saa, na Yeremia 29 dakika chache. Simu ileile inayopokea picha ya maua inaweza kumsomea mama sura hiyo masikioni akiwa kwenye foleni ya mnada wa samaki. Tukimpa mstari mmoja kwa sababu ana shughuli nyingi, tunamdharau huku tukijiita wenye huruma.

Katika Nehemia 8, Ezra alisoma Torati tangu asubuhi hata mchana mbele ya wanaume, wanawake na wote walioweza kuelewa, na Walawi wakapita kati yao kuwafafanulia. Watu walilia walipoelewa. Kisha wakaagizwa waende wakale na kunywa, na wampelekee sehemu yule ambaye hakuandaliwa kitu. Usomaji ule uliishia kwenye sahani ya mtu asiye na chakula.

Mwaka ukikaribia kwisha, makanisa mengi hutangaza neno la mwaka, na mara nyingi huwa ni la kuinuliwa au la kuvuka. Nawaomba wachungaji watangaze kitabu. Kitabu kimoja kizima kwa mwaka, kisomwe mimbarini, kwenye jumuiya na kwenye simu, pamoja na kurasa zinazotuudhi. Wakianza na Yeremia, watu watakaovumilia kupita sura ya 29 watafika ya 31, ambako upendo wa milele wa Mungu na kilio cha Raheli anayewalilia watoto wake vimewekwa katika sura moja. Watafika ya 32. Huko Yerusalemu imezingirwa, Yeremia amefungwa katika ua wa walinzi, na Mungu anamwagiza anunue shamba la binamu yake Hanameli kule Anathothi, ardhi ambayo jeshi la Babeli limekwisha kuivamia. Yeremia anapima shekeli 17 za fedha, anatia sahihi hati mbele ya mashahidi, na karani wake Baruku anaziweka hati kwenye chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Hilo ndilo neno la tumaini alilopewa mwaka ule, na alililipia fedha taslimu. Watume hilo asubuhi moja, sura nzima, na jioni kila mmoja kwenye kundi aseme anamdai nani, anadaiwa na nani, na atalipa lini.